Tunatoa kwa Vichwa, Tunagawa kwa Milango

Hotuba ya mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sosholojia katika kikao cha vijana cha kukaribisha Ramadhani, mwishoni mwa Shaabani

 

Nimepewa dakika 20, na mada niliyoletewa ni vipi chuo kikuu kimenibadilisha. Nilipoisoma ile karatasi nikaona kuna swali jingine limejificha nyuma yake, nalo ni hili: huyu mtoto bado ni wetu? Nawaelewa. Mzazi akisema mtaani, "Mwanangu yuasomea udaktari," jirani hujibu mashallah. Akisema yuasomea sosholojia, jirani hunyamaza kidogo kisha akauliza, "Na hiyo ndiyo nini, na atakuja kuwa nani?" Kwetu nyumbani ami yangu alikwenda mbele zaidi. Alimwambia baba kwamba wanaosoma mambo hayo huenda na imani wakarudi na maswali.

Basi nianze hapo, kwa sababu hofu ya ami haikutoka hewani. Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, unawekewa mezani Karl Marx, aliyeifananisha dini na kasumba ya kutuliza maumivu. Ukigeuka unakutana na Émile Durkheim wa Ufaransa, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1912 anasema ile nguvu wanayoihisi watu wakikusanyika kuabudu ni nguvu ya jamii yao wenyewe. Na wewe umekaa kiti cha nyuma na buibui lako, juzuu zako ziko kifuani, wenzako wanageuka kukutazama utasema nini.

Nimeona wanafunzi wa kwetu wakipita hapo kwa njia mbili. Kuna wanaoziba masikio, wanakariri ya mtihani, wanayamwaga kwenye karatasi, basi. Na kuna wanaoyabeba yote wiki ya kwanza kama mtu aliyeona duka linatoa bure, na kufika mwisho wa muhula hawajui tena wanafunga kwa ajili ya nini. Kwa maoni yangu wote hao wawili wamekimbia kazi. Kitabu hawakukisoma, mmoja kwa kuogopa na mwengine kwa kushangilia.

Mimi Durkheim nilimsoma mpaka mwisho, na nikaona mengi anayosema ni kweli. Chukueni tarawehe. Unasimama kwenye safu, bega kwa bega na mtu ambaye mchana hamsalimiani, na mkimaliza mnatoka mmelainika. Hilo Durkheim analieleza vizuri kuliko wengi wetu. Katika utafiti wake wa mwaka 1897 kuhusu watu wanaojiua, alikusanya takwimu za nchi za Ulaya akaonyesha kwamba aliyefungamana na wenzake, kwa familia au kwa jumuiya ya dini, yuko mbali zaidi na kujitoa roho. Lakini kwamba swala inawafunga watu ni jambo moja, na nani anayeswaliwa ni jambo jingine. La kwanza unaweza kulihesabu. La pili halimo katika daftari lake, na akilisemea basi anasema kama mtu mwengine yeyote, si kama mwenye hesabu. Nililisema hilo darasani kwa sauti yangu, bila kulia na bila kupandisha, na mhadhiri wetu, ambaye si Muislamu, akasema tuendelee kutoka hapo. Kwangu mimi hapo ndipo masomo yalipoanza.

Halafu mwaka wa pili nikakutana na Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo mwaka 1406, na huko Cairo alikuwa kadhi wa madhehebu ya Maliki. Muqaddima yake aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1377, zaidi ya miaka 450 kabla Auguste Comte hajalianzisha neno sosholojia kule Ufaransa. Wengi tunamtaja kwa kujisifu tu, kwamba na sisi tulikuwa naye. Ni afadhali kumfungua. Karibu na mwanzo wa kitabu anaichukua habari iliyopokewa na wanahistoria, Al-Mas'udi akiwa mmoja wao, kwamba jeshi la Nabii Musa alayhis salaam kule jangwani lilikuwa watu 600,000 au zaidi. Haipokei hivi hivi. Anauliza jeshi la kadiri hiyo lingepangwa vipi vitani, upande mmoja ungejuaje yaliyotokea upande wa pili, na tangu Nabii Yaaqub mpaka Nabii Musa vilipita vizazi vingapi hata watu wakawa wengi kiasi hicho. Kadhi wa Kiislamu anakagua hesabu! Wallahi nilicheka peke yangu maktaba. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa madrasa, ambaye ukimsomea hadithi tu, kabla hujamaliza anakuuliza imepokewa na nani, na huyo aliipata kwa nani. Tukiwa watoto tulidhani anatuchelewesha kwenda kucheza. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kufundishwa mbinu za utafiti, nimekaa kwenye mkeka.

Na kwa wazee wanaosema haya si mambo ya watu wa dini, nitawataja baba na mwana wa hapa hapa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe, Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa mwaka 1933, akaenda akawa profesa wa sayansi ya siasa, akafundisha Makerere kisha Marekani, akatengeneza vile vipindi vya televisheni vya mwaka 1986 kuhusu Afrika na turathi zake tatu, na Uislamu ni mmojawapo. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nije kwa kilichonibadilisha hasa.

Kuna Mmarekani mmoja, C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959 anatenganisha shida ya mtu na jambo la umma. Anasema kwa maana hii: katika mji wa watu 100,000 akiwa mtu mmoja tu ndiye hana kazi, mtazame yeye, tabia yake na ujuzi wake. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50 ikiwa na milioni 15 wasio na kazi, huwezi tena kutafuta jibu katika tabia ya mtu mmoja mmoja. Niliposoma hayo niliwafikiria wanaume wa mtaani kwetu. Treni ya mizigo ya reli mpya ilianza mwaka 2018, na serikali ikaamuru makontena yapakiwe huko yapelekwe Nairobi. Mnakumbuka madereva, mataniboi, makuli, walinzi wa yadi, mama ntilie wa nje ya geti. Mnakumbuka maandamano ya 2019. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, lakini miaka minne ni mingi kwa mtu aliyekuwa akila kwa siku. Katika miaka hiyo mtaani tulikuwa na neno moja tu kwa mwanamume aliyekaa barazani mchana: mvivu. Na kwa mwanamke aliyerudi kwao na watoto tulikuwa na maneno mengi zaidi. Sisemi hakuna wavivu. Nasema ukisikia wavivu wameongezeka ghafla katika mtaa mmoja, mwaka mmoja, uliza ni nini kilichofungwa mwaka huo.

Hiyo ndiyo mada niliyokwenda kuitafitia mwaka wa nne: kina mama wanaolea peke yao wanapata vipi riziki. Nikarudi huku kwetu na hojaji yangu, kurasa nne, msimamizi wangu ameipitisha. Nyumba ya kwanza niliyoingia ni zile nyumba zetu za Kiswahili mnazozijua: mlango mmoja mbele, ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma ni ua, choo na mahali pa kupikia. Mama mwenye umri wa mama yangu akanikaribisha. Nikatoa kalamu, nikauliza swali la kwanza, jepesi kuliko yote: "Nyumbani mko wangapi?"

Akacheka. "Nyumba gani, mwanangu?"

Nilidhani hakunisikia. Akanishika mkono akanipitisha ukumbini mpaka uani, na ilikuwa saa ya kupika. Kulikuwa na majiko manne yanawaka. La kwanza la mwenye nyumba, mzee aliyekwisha kuhiji, na mkewe. La pili la mke wa mtoto wao wa kiume. La tatu ni seredani ndogo pembeni, la binti yao aliyeachwa, mwenye watoto watatu. La nne la mjane mpangaji anayekaanga viazi vya karai jioni. Kile chumba cha vijana wa bodaboda hakikuwa na jiko, wao hula nje. Mlango mmoja, paa moja, vyungu vinne.

Nikamuuliza yule binti, kwa adabu, mbona anapika kando ilhali yuko kwa babake. Akachochea makaa kwanza. Kisha akasema, "Baba yuanilisha mimi. Watoto wa mtu hawezi, na mimi simlaumu, hana." Akaongeza jambo ambalo sijalisahau: watu wote hudhani wanakula kwa baba, kwa hivyo hakuna anayeuliza wamekula nini.

Sasa tazameni orodha yetu ya futari. Sitaji kamati wala mtu, na wanaoifanya wanajitolea, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini orodha inafanywa vipi? Ndugu zetu wanaume wanapita, na kwa heshima wanaishia barazani, kwa sababu si vizuri mwanamume kuingia uani mwa watu. Wanaandika jina la mwenye nyumba. Mlango mmoja, jina moja, mfuko mmoja: unga, mchele, sukari, mafuta, tende. Mfuko unaingia kwa mzee. Mzee ana mkewe, ana mwanawe, ana wageni wake wa kufuturu nao. Ile seredani ya pembeni haimo katika karatasi yoyote.

Serikali nayo ina makosa yake, lakini katika hili imetutangulia. Ile sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, haikuishia mlangoni. Waliofundishwa kuhesabu waliambiwa watafute kaya, (si zile Kaya za Wamijikenda za msituni, ni neno la takwimu tu), na kaya ni watu wanaokaa pamoja, wanaopika pamoja na walio chini ya mkuu mmoja. Yaani chungu. Kwa sensa ile nyumba ni kaya nne na zaidi. Kwetu sisi ni mfuko mmoja.

Na hapa ndipo madrasa na chuo kikuu vilipokaa kitako pamoja kichwani mwangu. Zakatul-fitri tunaitoa vipi? Hatuitoi kwa mlango. Baba anakaa usiku wa Idi anataja mmoja mmoja, mkubwa na mdogo, pishi moja kwa kila kichwa. Mtoto akizaliwa jioni ile, sheikh anapigiwa simu kuulizwa kama kabla ya magharibi au baada yake, maana hukumu inabadilika. Angalieni uangalifu huo! Wakati wa kutoa tunahesabu mpaka kichanga cha saa moja. Wakati wa kugawa tunahesabu milango. Dini ndiyo iliyotufundisha kuhesabu kwa vichwa, na sisi tumeitumia hesabu hiyo nusu ya njia.

Masheikh watanisahihisha, lakini katika Suratul Baqara, aya ya 273, wanatajwa mafukara ambao asiyewajua huwadhani wanajiweza, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Nilikuwa naijua aya hiyo tangu chuoni kwa mwalimu, na sauti yake naisikia mpaka leo. Nilipokuwa nimesimama pale uani ndipo nilipopata kuiona imevaa leso, inachochea makaa. Kuwatambua watu hao kwahitaji kazi, ndugu zangu. Hawatajipanga foleni.

Kuna jambo la pili nililolipata katika utafiti, nalo ni fupi. Kabla hujamhoji mtu, chuo kinakulazimisha umweleze unatafuta nini, umwambie anaweza kukataa, anaweza kukatiza katikati, na jina lake halitaandikwa. Mimi sikuona ugeni hapo, ni amana tu, sote tumefundishwa. Lakini linganisheni na tunavyogawa futari. Mjane anapokea pakiti ya unga ya kilo 2, anapigwa picha tatu, nyuma yake kuna bango, na kabla ya isha picha imezunguka katika simu za mtaa mzima pamoja na za watoto wanaosoma na wanawe. Ule mradi wa chuo kikuu, usio na basmala hata ukurasa mmoja, umemstahi mama huyu kuliko sisi. Wafadhili wanataka ushahidi, najua. Wapewe hesabu za vyungu na risiti za duka.

Najua pia ndugu mmoja atauliza, na swali lake ni la haki: pesa ni zile zile, ukinifungulia vyungu vinne kwa kila mlango mifuko itatoka wapi? Itapungua. Huenda mfuko ukawa nusu. Huenda baadhi ya milango iliyozoea kupata isipate, na hapo patakuwa na manung'uniko, na watakaonung'unikiwa ni nyinyi viongozi. Siwadanganyi. Ila upungufu huo upo hata leo. Leo unabebwa wote na yule ambaye hakuandikwa, kimya kimya, na sisi tunalala tukidhani mtaa umefuturu.

Kwa hiyo mwenyekiti, jibu la mada yenu ni kwamba nimebadilika. Nilikuwa nikipita ukumbi wa nyumba za watu nikiona ukumbi. Siku hizi nahesabu majiko, hata nikienda posa. Mama yangu ananitania kwamba nimekuwa karani wa sensa. Nimejifunza pia kukaa kimya dakika nzima baada ya swali, jambo ambalo wanaonijua tangu utotoni hawaliamini, kwa sababu mtu mzima hakupi jibu la kweli kwanza. Anakupa la kukuridhisha, akiona bado umekaa, anakupa lake. Ami yangu nimemsomea ukurasa wa Ibn Khaldun kwa Kiarabu. Maswali yangu hajayapenda yote, lakini ameomba kitabu.

Imebaki siku tisa kabla ya mwezi. Ombi langu ni hili. Jumamosi baada ya Alasiri tutapita mtaani wawili wawili, dada tupu, tuingie mpaka uani. Tutauliza mambo matatu: vyungu vingapi, kila chungu kinalisha watu wangapi, na nani anayeleta cha kupika. Hatutamuuliza mtu kwa nini ameachwa wala mumewe yuko wapi. Hatutapiga picha. Majina ya wenye shida yatakaa kwa watu wawili, imamu na mama mmoja mtakayemchagua nyinyi wenyewe leo kabla hatujatawanyika. Ndugu zetu wa kamati, naomba nakala ya orodha ya mwaka jana, tuanze nayo ili tusirudie kazi mliyokwisha kuifanya. Na huko bondeni karibu na machimbo, ambako nyumba ni za mabati na vichochoro havina taa, kaka wawili watusindikize, wasubiri nje.

Dada saba wameshaniambia watakuja. Tunahitaji kumi na wawili. Kalamu nitakuja nazo mimi, madaftari bado, mwenye nayo amkabidhi katibu pale mlangoni.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.